Miaka Thelathini na Mitatu, Mkono Chini ya Kidevu

Studio hii ingeshafungwa zamani kama si mimi, na kila anayepita kwenye korido yetu analijua hilo hata kama hasemi. Mimi ndiye Msimamizi Mkuu wa Ukimya. Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wa chumba cha kurekodia, nimeiwasha mimi. Ikizimika, nimeizima mimi. Hapo katikati hata mkurugenzi akitaka kukohoa ananitazama kwanza. Ndiyo maana ilipofika siku ya kumwandikia wasifu mtu mkubwa, hawakwenda kutafuta msomi. Walinijia mimi, Mjomba wa wote, wakanikuta kwenye kiti changu pale mlangoni, wakaomba. Nikakubali.

Mtu mwenyewe ni Mama Kidevu, Mhesabu Silabi wetu, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ofisi ya utumishi inasema ni thelathini na miwili. Mwenyewe anasema ni thelathini na minne, maana kuna muda alikuwa kibarua na vibarua hawaandikwi. Mimi nimejumlisha zote mbili nikagawanya, nikapata thelathini na mitatu, na hapo ndipo tutakaposimama. Niseme pia mapema kwamba huyu ni shemeji yangu. Nimemwoa mdogo wake. Lakini hilo halitaingia kwenye maandishi haya, kwa sababu mimi kazi ni kazi.

Mkurugenzi alinipa sharti moja. Pale mapokezi, kama mjuavyo, kuna ubao wa heshima wenye majina ya wastaafu walioondoka na jalada safi. Jalada la Mama Kidevu lina barua moja ya onyo, ya miaka kumi na sita iliyopita, na kwa barua hiyo moja jina lake haliwezi kupanda ubaoni. Mkurugenzi wetu ni mgeni, hakuwepo siku zile. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye uliyebaki. Andika wasifu, na humo humo ueleze kosa lile lilitokeaje. Nikiridhika, jina linaandikwa kabla ya sherehe." Nimekubali pia. Sasa ni wiki ya pili naandika na kufuta, na kila nikifika kwenye maelezo hayo kichwa kinazunguka kama feni.

Kwa wageni watakaosoma programu hii ya sherehe, nieleze kazi yenyewe kwanza. Tunachukua filamu za Kiingereza na kuzitia sauti za Kiswahili. Tatizo ni mdomo. Mwigizaji wa kule ameshafungua mdomo wake mara nne, akaufunga, akaenda zake. Wewe wa huku huna ruhusa ya kumwongezea mara ya tano. Kwa hiyo kabla Mwalimu, yaani mtafsiri wetu, hajashika kalamu, lazima mtu aketi mbele ya televisheni, avae hedifoni, asikilize kila sentensi na kuandika kwa penseli pembeni mwa skripti: hii nne, hii saba, hii moja. Mtu huyo ndiye Mama Kidevu. Anaweka kiganja chini ya kidevu chake, anarudia maneno vilevile alivyoyasema mwigizaji, na kila kidevu kinaposhuka na kugusa kiganja, hiyo ni silabi moja.

Mtu akisikia hivyo anadhani ni rahisi. Kwa Kiswahili ni rahisi kweli, maana irabu zetu zina adabu, kila moja inakaa na silabi yake hazigombani. Kiingereza ni nyumba ambayo nusu ya waliomo wamelala. Kuna neno lao "strengths", maana yake nguvu. Lina herufi tisa. Ukiliandika kwa mkono linakula robo ya mstari. Mama Kidevu anasema lina silabi moja. Moja! Mimi nimelipima kwa kidevu changu asubuhi, mchana na baada ya kula, na halijawahi kushuka chini ya tano. Jumatano yao wameiandika kama watu wa silabi tatu, wanaitamka kama watu wa silabi mbili, na wakiulizwa hawaoni tatizo. Nilimwuliza shemeji hizo nyingine huwa zinakwenda wapi. Akanijibu, "Shemeji, usihesabu neno. Hesabu mdomo." Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka ishirini na mitano.

Alianza hapa kama mpiga chapa. Wakati huo hakukuwa na mhesabu. Mtafsiri alitafsiri anavyojua, waigizaji wakakimbizana na picha, na filamu zetu zilikuwa na watu wanaotafuna hewa. Mpiga chapa huyu mpya alikuwa akipita na makaratasi, akasimama nyuma ya kioo, akasema yule baba wa kwenye filamu amefungua kidevu mara sita na ninyi mmempa maneno ya mara kumi na moja. Wakamcheka. Wakarudisha mkanda, wakahesabu: sita. Kesho yake akapewa kiti.

Watu huuliza alijifunzia wapi. Mimi ninajua, kwa kuwa ni mkwe wa nyumba ile. Mama mkwe wangu alikuwa hasikii vizuri, na watoto wake wote walikua wakisema naye huku wametazamana, mdomo ukionekana. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyesema neno huku akichungulia sufuria. Mama mkwe alinipenda mimi kuliko wakwe wengine wote kwa sababu alisema mdomo wangu unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Nadhani ilikuwa sifa.

Mafanikio yake ni mengi, nami nitataja yale niliyoyaelewa. Filamu na vipindi alivyovihesabu vinazidi elfu mbili. Amefundisha wahesabu kumi na mmoja, na tisa kati yao wanafanya kazi katika studio nyingine, wakiwa na viganja vyao. Ameanzisha lile daftari la jalada gumu tunaloliita Daftari la Midomo, ambamo hakuandika maneno. Aliandika watu. Humo utakuta kwamba yule mwigizaji babu mwenye mvi neno la familia hulisema kwa silabi mbili, na mjukuu wake katika filamu hiyohiyo hulisema kwa tatu. Neno lilelile, sebule ileile, chai moja mezani. Nilipoliona hilo nilikwenda kukaa nje kidogo.

Naikumbuka pia siku ya "fire", yaani moto. Kikao kizima, kuanzia saa tatu hadi chakula cha mchana, watu wanabishana kama ni silabi moja au mbili. Mwalimu kaleta kamusi, fundi sauti kaleta kamusi nyingine, na kamusi zenyewe hazielewani. Mama Kidevu alikuwa anachonga penseli. Mwishowe akasema, "Yule polisi kasema moja, kwa sababu anatoa amri. Yule mama kasema mbili." Mwalimu akapanda juu: "Kwa kanuni gani?" Akajibiwa, "Nyumba inayoungua ni ya kwake, Mwalimu. Mwache na silabi zake mbili." Kikao kikafungwa.

Na Mwalimu huyo ndiye aliyeteseka naye kuliko wote. Kiswahili hakina maneno mengi ya silabi moja, na watu wa filamu wanapenda kupiga kelele za silabi moja: nenda, simama, kimbia, zote kwao ni moja moja. Mwalimu alikuwa anatoka chumbani ameshika kichwa, anamwambia, "Mama, nipe hata silabi nusu ya mkopo." Naye anamjibu, "Sina duka mimi." Ilikuwa hivyo hata kwa maneno ya mapenzi. Kijana wa Kiingereza anamwambia binti kwamba anampenda, silabi tatu. Sisi "nakupenda" ni nne. Siku mbili Mwalimu hali chakula. Shemeji akamwambia, "Mpe 'ni wewe', uone kama binti hatalia." Binti alilia. Sauti Tatu, mwigizaji wetu anayefanya sauti ya mtoto, ya mjane na ya mbuzi, naye alilia, na huyo mwanamke halii bila malipo.

Mimi pia nimo kwenye sanaa hiyo, nisijifiche sana. Kuna filamu moja ambayo katikati ya mazishi inasikika chafya. Ni yangu. Ilinitoka taa ikiwa nyekundu, fundi sauti akashindwa kuiondoa, na baadaye tulisikia kuwa watazamaji katika miji mitatu walisifu jinsi huzuni ile ilivyokuwa ya kweli.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na saba kazini. Tulikuwa tumepata tamthilia ya vipindi arobaini, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuona, na mteja alikuwa anakuja Ijumaa kutazama kipindi cha kwanza. Wiki mbili kabla, jino la shemeji likavimba. Daktari akaling'oa, akamfunga taya kwa bendeji kuanzia kidevuni hadi utosini, akamkataza kufungua mdomo wiki tatu. Mhesabu wa kidevu, kidevu kimefungwa! Studio ilikuwa kama msiba. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wameshahamia kwingine. Nikasimama pale kwenye korido, nikasema niachieni mimi.

Nilieleza sababu zangu. Kwanza, nimekaa mlangoni kwake miaka mingi, kazi imeniingia kupitia ukutani. Pili, mashine kama ile ya kurudishia kanda niliwahi kuifungua yote vipande vipande na kuifunga tena gizani. Tatu, Kiingereza changu kilikuwa kimefika mbali. Mke wangu aliposikia nyumbani aliniuliza, "Wewe na Kiingereza mlikutana wapi?" Nilikuwa nanoa penseli.

Nikakaa kwenye kile kiti siku nne. Taa nyekundu niliiwasha mwenyewe, mlango nikaufunga mwenyewe, hakuna aliyeingia. Kupitia kioo cha mlango walikuwa wananiona: hedifoni masikioni, mkono chini ya kidevu, midomo inakwenda. Fundi sauti alisema nimependeza. Nikajaza kurasa kumi na tisa, kila mstari na namba yake, hakuna mstari uliobaki mtupu.

Utaratibu wetu ni kwamba ukurasa hauendi kwa Mwalimu bila sahihi ya Mama Kidevu. Nikampelekea nyumbani. Alikuwa kitandani, bendeji hadi kichwani, jicho moja limevimba. Hakuweza kusema. Akachukua kipande cha karatasi akaandika, "Umezisikiliza zote?" Nikamwambia, "Mara mbili mbili, shemeji." Akanitazama kwa jicho lililobaki zima. Akaweka sahihi, kurasa zote kumi na tisa.

Ijumaa mteja akaja, akaketi, tukazima taa za chumba. Kipindi kilikuwa cha hospitali na mahakama. Mgonjwa kitandani anawausia watoto wake. Anasema, anasema, kichwa kinaanguka kwenye mto wa kitanda, daktari anamfunika shuka. Sauti inaendelea. Anagawa shamba, anagawa nyumba, anamlaumu kaka yake, yote akiwa chini ya shuka. Mteja akauliza polepole, "Huyu marehemu anazungumza na nani?" Ikaja mahakama. Jaji akasoma hukumu, akafunga mdomo, akasimama, akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake, na bado anamhukumu yule kijana kutoka kwenye kiti kitupu. Mteja akavaa koti. Akasema Jumatatu saa nne atarudi, na akimkuta marehemu yule bado anaongea, vipindi arobaini vinakwenda studio nyingine. Tulikuwa watu kumi na wanne. Bila kazi ile wengi tusingefika mwisho wa mwaka.

Jumamosi asubuhi Mama Kidevu aliingia kwa miguu yake, bendeji vilevile. Mimi nilikuwa mlangoni kwenye taa yangu. Akaketi kwenye kiti chake, akavaa hedifoni, akaanzisha picha. Kidevu chake hakikuweza kushuka hata kidogo. Basi akainua mkono akauweka kwenye kioo cha televisheni, vidole viwili chini ya kidevu cha yule mgonjwa, akavituliza pale kama mtu anayempima mtoto homa. Kidevu cha mgonjwa kikashuka, naye akachora mstari kwa mkono wa pili. Kikashuka tena, akachora tena. Mwigizaji akisogea, mkono unasogea naye. Akiigeuzia kamera kisogo, anafumba macho na kusikiliza. Jumamosi na Jumapili alizimaliza kurasa zote kumi na tisa, na kioo kilikuwa na alama za vidole kote chini ya midomo ya watu. Mwalimu alitafsiri nyuma yake ukurasa kwa ukurasa, na Sauti Tatu alirekodi wajane wote kwa mkupuo mmoja.

Jumatatu marehemu alikufa kwa wakati wake. Jaji alimaliza hukumu akiwa ndani ya chumba. Mteja alivua koti. Vipindi arobaini vikabaki, vikazaa vingine tisini.

Lakini kosa lilikuwa limeshafika kwa mkurugenzi wa wakati ule, na sahihi kwenye kurasa ilikuwa ya Mama Kidevu. Barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake. Aliletewa mezani bendeji ikiwa bado haijafunguliwa. Akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Bendeji ilipofunguliwa sote tulingoja aseme. Hakusema.

Mkurugenzi wa sasa anataka kujua kurasa zile zilikosewaje, nami katika wiki hizi mbili nimeandika majibu mengi. Nimeandika kwamba wiki ile kulikuwa na joto. Nimeandika kwamba waigizaji wale walikuwa na lafudhi ya mlimani. Nimeandika kwamba Kiingereza chenyewe kilikuwa kinabadilika mwaka ule, jambo ambalo hakuna wa kulipinga maana hakuna anayelijua. Nimemsomea mke wangu kila moja. Kila mara ananisikiliza hadi mwisho, halafu anauliza, "Na jina la dada litaandikwa?"

Basi kwanza nitimize heshima, nisije nikasahau nikifika huko. Mama Kidevu, kwa niaba ya Mwalimu uliyemnyima silabi, kwa niaba ya fundi sauti, Sauti Tatu na mbuzi wake, na kila mtu aliyekula mshahara kwa sababu wewe uliketi na penseli, tunakushukuru. Nenda ukapumzike. Tunakuombea uzima, miguu isiyouma, wajukuu wanaoongea polepole, na televisheni utakayoitazama bila kuhesabu kitu. Maisha yako ya mbele yawe mema, shemeji, na marefu.

Mkurugenzi, sasa maelezo yako. Halikuwa joto. Siku zile nne mashine ile haikuwaka hata dakika moja. Nilikaa na hedifoni masikioni na humo hakikusikika kitu isipokuwa mimi mwenyewe nikimeza mate. Nilikuwa nimeshatangaza korido nzima kwamba naijua, sasa ningemwuliza nani? Nikayasoma maneno kwenye karatasi kwa mdomo wangu huu, nikayahesabu kwa kidevu changu hiki, nikaandika nilichokipata. Kisha nikaenda kumdanganya mgonjwa kitandani. Barua ile itolewe kwenye jalada lake iwekwe kwenye langu, na jina lake lipande ubaoni kabla ya Ijumaa.

Yeye alijua. Jumamosi ile alipoketi, aliikuta kanda iko palepale alipoiacha kabla ya kwenda kwa daktari. Aligeuka akaniangalia kupitia mlangoni. Halafu akazisogeza pembeni karatasi nilizokuwa nimezirundika juu ya mashine, akabonyeza kitufe polepole sana, akiuweka mkono upande, ili nione. Ni kile cha kijani. Juu yake alikuwa amebandika tangu zamani kikaratasi kwa mwandiko wake, cha Kiswahili, herufi kubwa: WASHA.